Nataka kununua nyumba ya kupangisha kwa pesa za uzeeni. Nichague akaunti gani?

SWALI

Washauri, salaam.

Mimi ni muuguzi hapa Columbus, Ohio, mzaliwa wa Kilifi, miaka 48. Nimeolewa, tuna watoto wawili. Miaka miwili iliyopita nilihama hospitali, na kule nilikotoka niliacha akiba ya uzeeni kwenye akaunti ya 403(b). Sasa imefika dola 92,000, zote pesa ambazo hazijakatwa ushuru. Kwa mwajiri mpya naendelea kuchangia mpango wake wa uzeeni wa 401(k).

Soko la hisa silielewi vizuri. Ninachokielewa ni nyumba na ardhi. Nimesikia kuna IRA (akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni) ya kujisimamia mwenyewe, ambapo pesa za uzeeni zinaweza kununua nyumba, ploti, dhahabu, hata hisa za kampuni ya mtu binafsi. Nimekaa na mume wangu tukapanga hivi.

Kuna nyumba ya milango miwili inauzwa Dayton kwa dola 165,000. Kila upande unaweza kuleta kodi ya dola 1,000 kwa mwezi. Mdogo wangu wa kiume yuko tayari kupanga upande mmoja. Upande wa pili angekaa kijana wetu anayesoma chuo hukohuko, na angelipa kodi kamili kama mpangaji mwingine yeyote. Mume wangu ni fundi, kwa hiyo ukarabati hautatugharimu. Pesa zikibaki tungenunua ploti Mtwapa, Kenya, na sarafu chache za dhahabu tuziweke kwenye sefu nyumbani. Tena kuna mwenzetu wa chama anafungua nyumba ya kulelea wazee. Anatafuta watu wa kuweka dola 25,000 kila mmoja kabla ya mwisho wa mwezi, na anaahidi asilimia 18 kwa mwaka.

Nimezungumza na kampuni tatu za akaunti hizi. Ya kwanza inatoza dola 325 kwa mwaka. Ya pili dola 195. Ya tatu ilinipigia simu yenyewe: kwa dola 1,800 itanifungulia akaunti pamoja na LLC (kampuni yenye dhima ya kikomo) yenye kitabu cha hundi, niwe naandika hundi mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Nichague ipi?

Mama Wawili, Columbus

JIBU

Dada Mama Wawili,

Umeuliza uchague kampuni ipi. Kabla ya hapo kuna swali jingine: je, vitu ulivyopanga kuweka ndani ya akaunti hiyo vinakubalika humo? Vingi havikubaliki. Na hiyo nyumba ya Dayton, kwa jinsi mlivyoipanga, tungewashauri muinunue nje ya akaunti kabisa. Tutaeleza inavyowezekana.

Kwanza ujue kwamba mbele ya sheria ya ushuru IRA ya kujisimamia si aina ya pekee ya akaunti. Ni IRA ileile iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1974, ila mtunzaji wake anakubali kushika mali ambazo benki na madalali wa hisa wa kawaida hawazitaki: nyumba, hati za mikopo, hisa za kampuni zisizouzwa sokoni. Sheria haina orodha ya vinavyoruhusiwa. Ina orodha fupi ya vilivyokatazwa: bima ya maisha, na vitu vya kukusanya kama picha za sanaa, mazulia, vito, stempu, na sarafu nyingi. Kubwa zaidi ni orodha ya watu. Sheria inataja watu ambao hawaruhusiwi kufanya biashara yoyote na akaunti yako, wala kupata faida yoyote kutoka kwake kabla hujaitoa pesa rasmi.

Watu hao ni wewe mwenyewe, mume wako, wazazi wako na wazazi wao kwenda juu, watoto na wajukuu wako kwenda chini, na wake au waume wa watoto na wajukuu hao. Kampuni ambayo ninyi mna nusu yake au zaidi nayo imo. Kaka, dada, shangazi, wajomba na binamu hawamo.

Sasa irudie nyumba ya Dayton kwa orodha hiyo. Mdogo wako anaweza kupanga, mradi alipe kodi ya soko, awe na mkataba, na asiwe anapitishia pesa kwako. Kijana wako hawezi. Akilipa dola 1,000 kamili, akilipa hata 1,200, bado ni kosa, kwa sababu sheria haiangalii bei aliyolipa bali inaangalia yeye ni nani kwako. Usiku mmoja tu wa kulala pale kwa kuwa upande uko wazi nao ni matumizi ya mali ya akaunti.

Na mume wako asishike spana. Watu wengi huanguka hapa wakiwa na nia njema kabisa. Bomba la jikoni linavuja saa nne usiku, mpangaji anapiga simu, fundi yupo sebuleni, na vipuri vinauzwa dola 14 Home Depot. Akienda kulitengeneza, mtu aliyekatazwa ametoa huduma kwa akaunti, na zile dola 14 ni pesa zenu binafsi zilizoingia kwenye mali ya akaunti kwa mlango wa nyuma. Inatakiwa aitwe fundi wa nje, ankara itumwe kwa mtunzaji, na mtunzaji alipe kwa pesa zilizomo ndani ya IRA. Kodi nayo hundi ziandikwe kwa jina la akaunti. Usizipitishe kwenye akaunti yako ya benki hata kwa siku moja.

Adhabu yake inauma. Ukivunja kanuni hii, IRA nzima inahesabiwa kwamba ilikufa tarehe 1 Januari ya mwaka ule wa kosa, na thamani yake yote ni kama umeitoa mkononi siku hiyo. Kwa dola 92,000, hata tukikadiria kiwango cha asilimia 22 tu, ushuru wa serikali kuu ni dola 20,240. Kwa kuwa hujafika miaka 59 na nusu, inaongezwa asilimia 10, yaani dola 9,200. Jumla dola 29,440, kabla Ohio haijadai chake. Nyumba iko palepale Dayton na mkononi huna pesa taslimu za kulipia. Kwa sababu hiyo, yeyote anayefungua IRA ya namna hii asiichanganye na akiba yake nyingine. Akiwa na IRA mbili tofauti, kosa la moja haliiui ya pili.

Sasa hesabu ya nyumba yenyewe. Pesa zako hazitoshi kuinunua bila mkopo, na mkopo wa IRA si mkopo wa nyumba wa kawaida. Wewe huruhusiwi kuudhamini. Mwaka 2013, kwenye kesi ya Peek, Mahakama ya Ushuru ya Marekani iliamua kwamba wanaume wawili walioweka saini ya udhamini binafsi kwa deni la kampuni iliyomilikiwa na IRA zao walikuwa wamefanya muamala uliokatazwa. Akaunti zao zikahesabiwa zimekufa miaka mingi nyuma, na faida waliyopata baadaye walipouza kampuni ikatozwa ushuru. Kwa hiyo unahitaji mkopeshaji ambaye deni likishindikana ataishika nyumba peke yake, asikufuate wewe. Wakopeshaji wa aina hiyo ni wachache, riba yao iko juu, na mara nyingi hutaka asilimia 35 hadi 40 ya bei kama malipo ya mwanzo, au zaidi.

Chukua asilimia 40: dola 66,000. Gharama za kufunga mauzo, tuseme 6,000. Ndani ya akaunti zinabaki dola 20,000, na deni ni 99,000. Kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 25, marejesho ni karibu dola 764 kwa mwezi, yaani 9,170 kwa mwaka. Kodi yote ya mwaka ni 24,000. Ondoa 9,600 za ushuru wa nyumba, bima, msimamizi na ukarabati mdogo. Zinabaki kama dola 5,200 ikiwa hakuna mwezi hata mmoja wa nyumba kukaa tupu.

Halafu paa linaisha. Ankara ya dola 15,000 inakula karibu akiba yote ya 20,000. Upande mmoja ukikaa tupu miezi mitatu mwaka uleule, huwezi kuchomoa pesa mfukoni kusaidia. Kinachoruhusiwa kuingia ni mchango wa mwaka tu, ambao kwa mtu wa chini ya miaka 50 ulikuwa dola 7,000 mwaka 2025 na ni 7,500 mwaka 2026. Nyumba nyingi za IRA huharibikia hapa. Nyumba inaweza kuwa nzuri, lakini akaunti ikawa nyembamba, na mwenye nyumba akalazimika kuchagua kati ya kuvunja kanuni na kuiuza kwa hasara.

Tena mkopo unaleta ushuru ndani ya akaunti ambayo watu hudhani haitozwi. Sehemu ya mapato inayotokana na pesa za deni hutozwa. Deni lako ni asilimia 60 ya gharama, kwa hiyo dola 14,400 za kodi ya mwaka zinaingia kwenye hesabu hiyo. Unaruhusiwa kutoa asilimia 60 ya matumizi (9,600), ya riba (karibu 7,900) na ya uchakavu wa jengo (karibu 4,800 kwa mwaka ikiwa jengo ni dola 132,000 na linagawanywa kwa miaka 27 na nusu). Zinabaki kama dola 1,020, sheria inasamehe 1,000 za kwanza, unatozwa juu ya dola 20. Ushuru wenyewe si kitu mwaka wa kwanza. Lakini fomu 990-T lazima ijazwe mapato hayo yakifika dola 1,000 kabla ya kutoa matumizi, IRA ipate namba yake yenyewe ya mlipa ushuru, na mhasibu anayeijua fomu hiyo alipwe na akaunti. Siku ya kuuza, faida nayo inagawanywa vivyo hivyo, na viwango vinavyotumika ni vya amana (trust), ambavyo vinapanda haraka: kwa mapato ya kawaida, mwaka 2025 asilimia 37 ilianzia dola 15,650, ingawa faida ya mali iliyoshikwa zaidi ya mwaka hutozwa viwango vya chini zaidi. Wanaojua hulimaliza deni lote zaidi ya miezi 12 kabla ya kuuza, maana kinachoangaliwa ni deni kubwa zaidi lililokuwepo ndani ya miezi hiyo.

Na kuna hasara ya kimyakimya. Nyumba ukiwa nayo kwa jina lako, uchakavu unapunguza ushuru wa kodi unayopokea, na ukiiuza baada ya mwaka, faida hutozwa kwa kiwango cha chini cha faida ya mali. Ikiwa ndani ya IRA ya kawaida, kila dola itakayotoka uzeeni itatozwa kama mshahara.

Kwa hiyo tazama mnavyoitaka nyumba hii: kijana apate pa kukaa, mume aikarabati kwa mikono yake, mdogo wako awe mpangaji. Yale yanayoifanya iwe nafuu kwa familia yenu ndiyo ambayo akaunti inayakataza. Nje ya akaunti yote yanaruhusiwa.

Njia yenyewe ni hii. Uliza idara ya rasilimali watu ya mwajiri wako mpya maswali mawili: mpango wa 401(k) unapokea pesa kutoka 403(b) ya zamani? Na unaruhusu mkopo, pamoja na kukopa kutoka pesa zilizohamishiwa? Mipango mingi hukubali yote mawili, ila si yote. Ikikubali, hamisha dola 92,000 huko. Sheria inaruhusu kukopa hadi nusu ya salio lako, kikomo dola 50,000. Nusu ya 92,000 ni 46,000. Wakopeshaji wa kawaida kwa nyumba ya milango miwili ya kupangisha mara nyingi hutaka robo ya bei, ambayo ni dola 41,250. Zinabaki 4,750 za kuchangia gharama za kufunga. Mkopo wa 401(k) wa kununua nyumba msiyoishi ninyi hulipwa ndani ya miaka 5. Kwa riba ya asilimia 8.5 ni karibu dola 944 kwa mwezi, zinakatwa kwenye mshahara, na riba inarudi kwenye akaunti yako mwenyewe.

Hatari yake ni moja kubwa. Ukiacha kazi kabla hujamaliza, salio la mkopo lisiporejeshwa linageuka kuwa pesa ulizotoa, na ushuru na ile asilimia 10 vinafuata. Una nafasi ya kuliziba kwa kuingiza kiasi hichohicho kwenye IRA hadi tarehe ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za ushuru za mwaka huo, pamoja na nyongeza ya muda ukiiomba. Kama unafikiria kuhama hospitali tena mwaka huu au ujao, usiguse mkopo huu. Na mshahara wenu lazima uweze kubeba dola 944 pamoja na mkopo wa benki hata upande mmoja ukiwa tupu. Kaeni mpige hesabu hiyo kwa karatasi kabla ya kumpa dalali jibu.

Ukisema bado unataka IRA ya kujisimamia, pengine kwa nyumba nyingine ndogo inayonunulika bila mkopo na wapangaji msiojuana nao, basi tuje kwenye kampuni zako tatu.

Anza kwa kuuliza kama kampuni ni mtunzaji kamili au ni wakala tu. Kisheria anayeshika IRA lazima awe benki, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na mamlaka ya ushuru, IRS, na IRS huchapisha orodha ya taasisi hizo zisizo benki. Kampuni nyingi zinazojitangaza ni wakala wanaochukua karatasi tu huku pesa zikishikwa na mwingine. Hilo si kosa, lakini ujue jina la anayeshika, umtafute kwenye orodha, na umpigie yeye kuthibitisha kwamba wakala huyo ni wake.

Ada usizilinganishe kwa bei ya mbele. Omba karatasi nzima ya ada, uhesabu miamala ya mwaka mmoja wa nyumba. Chukua mfano kwamba ile ya dola 195 inatoza dola 10 kwa kila ankara inayolipa, na nyumba ina malipo matano kwa mwezi: bima, maji, msimamizi, fundi, ushuru. Hayo ni 60 kwa mwaka, dola 600, jumla 795. Ile ya 325 ikiwa hailipishi ankara, ni nafuu kwa zaidi ya nusu. Wengine hutoza kwa kila mali, wengine kwa thamani ya akaunti, kwa hiyo ada inapanda nyumba inavyopanda. Tafuta pia ada ya kununua na ya kuuza, ya kutuma pesa kwa waya, ya kuharakisha, na ya kufunga akaunti au kuhamisha mali kama ilivyo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofichwa zaidi, na ndiyo itakayokubana siku utakapotaka kuondoka.

Waulize pesa zisizotumika zinakaa benki gani, kama zina bima ya FDIC (bima ya serikali kuu kwa pesa zilizo benki) ya hadi dola 250,000, na riba yake anabaki nayo nani. Waulize wanachukua siku ngapi kutoa malipo baada ya kupokea maelekezo, maana muuzaji wa nyumba hangoji. Kila mwaka watahitaji thamani ya soko ya mali ili wairipoti IRS kwa fomu 5498. Jua wanakubali tathmini ya nani na inagharimu kiasi gani. Majibu yote yaje kwa barua pepe. Kampuni isiyotaka kuandika ada zake, iache hapohapo.

Hiyo ya dola 1,800 na kitabu cha hundi tunakushauri uiache. LLC inayomilikiwa na IRA si haramu. Kesi ya Swanson ya mwaka 1996 ndiyo wanayoitegemea wanaoziuza. Lakini mtunzaji wa kawaida anaona kila ankara kabla haijalipwa, na baadhi ya makosa husimama mezani kwake. Kwenye LLC hakuna anayeona isipokuwa wewe, na hundi moja kwa mume wako kwa kazi ya rangi inatosha kuua akaunti yote. Kampuni iliyokuuzia haitakuwa nawe siku hiyo.

Dhahabu ya kuweka kwenye sefu nyumbani iondoe kabisa. Sarafu za American Eagle zinaruhusiwa ndani ya IRA, na vipande vya dhahabu vyenye usafi wa angalau asilimia 99.5 vinaruhusiwa, lakini vipande hivyo lazima vishikwe na mtunzaji. Mwaka 2021, kwenye kesi ya McNulty, mwanamke aliyekuwa na LLC ya IRA yake na akazitunza sarafu za Eagle nyumbani kwake alihesabiwa amezitoa, akatozwa ushuru.

Mtwapa nayo haipiti, kwa sababu za pande zote mbili. Hatimiliki ya mali ya IRA huandikwa kwa jina la mtunzaji kwa manufaa yako, na mtunzaji huyo ni kampuni ya Marekani. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa asiye raia ardhi ya kukodi isiyozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Watunzaji wengi hawataki hata kusikia ardhi ya nje. Na ukitoa pesa za IRA ukaandikisha ploti kwa jina lako, au la mdogo wako akushikie, umezitoa pesa, na ushuru wake ni wako. Katiba hiyohiyo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Nunua ploti kwa pesa za mshahara ambazo zimeshakatwa ushuru, kwa jina lako kama Mkenya, baada ya kupekua hati kwenye ofisi ya ardhi.

Kuhusu uhamishaji, njia yoyote utakayochagua: omba uhamisho wa moja kwa moja, na hundi iandikwe kwa jina la mpango mpya au mtunzaji mpya, likifuatwa na herufi FBO (yaani "kwa manufaa ya") na jina lako. Hundi ikiandikwa kwa jina lako peke yako, mpango wa zamani unalazimika kukata asilimia 20, dola 18,400. Utapata 73,600 mkononi na siku 60 za kuingiza 92,000 kamili, hizo 18,400 uzitafute kwingine hadi marejesho ya ushuru ya mwaka ujao. Ukishindwa, kiasi hicho kinatozwa, na adhabu juu. Ikiwa ni IRA inayonunua nyumba, fungua akaunti na pesa ziingie kabla hujaweka saini popote, maana hata malipo ya arubuni lazima yatoke ndani ya akaunti na mkataba uandikwe kwa jina la mtunzaji FBO wewe tangu ukurasa wa kwanza. Arubuni ikitoka mfukoni mwako, umeshaanza vibaya.

Limebaki la mwenzenu wa chama. Mtunzaji atakubali kulipa dola 25,000 ukimwelekeza, na kukubali kwake hakumaanishi amechunguza chochote. Hachunguzi, na mkataba wake utakuambia hivyo kwa herufi ndogo. Tume ya hisa na dhamana ya Marekani, SEC, imewahi kutoa tahadhari hasa kuhusu akaunti hizi, kwa sababu walaghai hupenda kutumia jina la mtunzaji kama muhuri wa uaminifu. Hatusemi mwenzenu ni mlaghai. Ila ahadi ya asilimia 18 kwa biashara ambayo haijafunguliwa, pamoja na tarehe ya mwisho, ni mambo mawili yanayotosha kusimamisha hundi.

Mwombe vitu hivi kwa maandishi: kampuni imesajiliwa kama nini (IRA hairuhusiwi kumiliki hisa za kampuni iliyochagua kutozwa kama kampuni ya aina ya S (S corporation), na ikiwa ni LLC inayogawa faida kwa wanachama, faida hiyo ya biashara italeta fomu 990-T hata bila mkopo), hesabu za makadirio, leseni ya Ohio ya nyumba ya kulelea wazee au ushahidi wa maombi, na hati ya jengo. Jengo lenyewe unaweza kuliangalia leo hii kwenye tovuti ya mkaguzi wa kaunti, bila malipo: linaonyesha mwenye jina ni nani na lilinunuliwa kwa bei gani. Piga pia simu Idara ya Dhamana ya Ohio uulize kama mauzo ya hisa hizo yamesajiliwa au yametolewa taarifa ya msamaha. Tena kama wewe muuguzi utaajiriwa kwake au kulipwa chochote huko, pesa za IRA zako zisiingie kwenye kampuni hiyo hata kidogo.

Na dalali wa Dayton mwambie unahitaji siku 45 na kipengele cha kujitoa mkopo usipopatikana. Jibu la idara ya rasilimali watu kuhusu ule mkopo ndilo la kwanza kulitafuta, kwa sababu likiwa hapana, mpango wote unabadilika na itabidi mtafute malipo ya mwanzo kwingine.